Shimo Lililoshiba Wakati wa Mfungo

Jumanne, 4 Machi
Ndoo ya mavi ya ng'ombe, ndoo ya maji, bakuli la maji yanayobaki nikikamua fromaji, jibini ya maziwa. Nimekoroga, nimemimina kwenye shimo letu la gesi. Gesi ikaja kwa bomba mpaka jikoni. Bugali imeiva bila moshi. Macho hayaniumi tena, asante Bwana. Mume wangu analiita shimo "muke mwenzako". Anacheka, lakini amekula.

Alhamisi, 6 Machi
Mfungo wa kanisa umeanza. Siku tatu kavu, hakuna kula wala kunywa. Bamama wote wanaonunua maziwa kwangu wanafunga. Mama Neema, mfugaji anayeniletea, ameyashusha toka Bibokoboko kule mlimani kama kawaida. Nimeyapokea. Mtu ameteremka mlima wote ule, nimrudishe na mzigo?

Jumamosi, 8 Machi
Maziwa yameharibika, bidoni zote, hakuna dumu lililopona. Kumwaga barabarani zawadi ya Mungu, hapana. Nimeyamwaga shimoni. Sisi tunafunga, lenyewe lishibe. Nimefurahia akili yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Gesi iko, inavuma, lakini haishiki moto. Njiti baada ya njiti. Shimo linanuka siki. Nimepikia makala, makaa yaleyale ya zamani. Kikohozi kimerudi siku hiyohiyo.

Jumatano, 12 Machi
Bado. Mume wangu anasema: "Mama Esta, muke mwenzako amenuna. Pasaka ikimukuta hivi, ninamufukia, ninapanda migomba." Ni utani. Ila vitoto vya migomba viko tayari mlangoni. Nimekasirika mpaka nikashindwa kuomba.

Ijumaa, 14 Machi
Mama Neema amechungulia shimoni, amenusa, amecheka mpaka akakaa chini. "Dada, ndama akinyonya yote anaharisha. We ulimupa maziwa ya mfungo wote?"
Yote, nikasema.
"Sasa umunyime."
Kumbe. Kila mtu mtaani alifunga isipokuwa shimo langu. Basi nalo lifunge.

Ijumaa, 21 Machi
Hakuna maziwa, hakuna maji ya fromaji. Mavi mabichi kidogo tu, na majivu ya jiko ya kukata uchachu. Siki inapungua. Mume wangu anakwenda kunusa nikiwa kisimani. Nyayo zake nimeziona.

Jumamosi, 29 Machi
Moto. Mdogo, unatetemeka, bluu. Nimelia kidogo, nikaweka maji ya chai.

Jumapili, 6 Aprili
Tumetoka ibada. Maji ya fromaji nimeyarudisha, nusu bakuli kwanza, na mavi juu yake. Moto una nguvu. Mfungo ukija tena, maziwa Mama Neema atayapiga siagi hukohuko mlimani. Migomba imepandwa nyuma ya nyumba. Inanyweshwa uji wa mavi unaotoka upande wa pili wa shimo, na ni mume wangu mwenyewe anaubeba.
Asubuhi ameniuliza, "Muke mwenzako ameamkaje?"
Mimi nimeamkaje, hajaniuliza. Nimemmiminia chai.