Hadithi ya Mbuzi Uliyoiacha Katikati

Chebet wangu,

Ilifanyika. Ile siku yako ya programu huria ilifanyika Jumamosi, ndani ya ukumbi wa kanisa letu kule Free Area, na watu walijaa mpaka wengine wakasimama dirishani. Nimekaa na hii habari tangu siku hiyo natafuta mtu wa kumpa, na kila nikifikiria wa kumpa naona ni wewe tu. Basi nikashika kalamu. Mungu ndiye anajua itakufikia vipi, mimi kazi yangu ni kuandika.

Wacha nikwambie kwa mpango, maana unanijua, nikiwa na furaha naruka kama panzi.

Ulipotuacha, vitu vyako vilibebwa kwenda kwa mama yako Njoro. Nguo, kitanda, vitabu, na laptopu yako. Akinyi na vijana wenzake wa kompyuta wakaja kujua baadaye kwamba ile programu yako ya kusomesha watoto ilikuwa humo ndani tu. Vipande walikuwa navyo, herufi na picha, lakini hadithi zenyewe na sauti zetu hawakuwa nazo. Wewe ulitaka kuwapa mbele ya watu siku ya sherehe, ili mwalimu yeyote aichukue bure. Ulipenda mambo yako yawe na makofi, Chebet. Nani angejua hutafika?

Akinyi akaja kibandani kwangu Rhonda nikishona sketi za shule. Akasema, "Mathe, bila hiyo laptop hatuna kitu. Kazi yake yote itaisha hivyo tu. Wewe ndio mamake anakujua, enda umwongeleshe." Aliongea polepole. Ukiona Akinyi anaongea polepole, jua amelia njiani.

Nikaenda. Njoro ilikuwa na ile baridi ya kutoka msitu wa Mau inayokutafuta hata ndani ya sweta. Mama yako, Gogo kama tunavyomwita sote, alinipokea vizuri, akanipa maziwa ya kibuyu, akauliza habari za mwanangu Ken na za nyumbani. Lakini nilipotaja laptopu, uso ukafunga. Ameiviringisha kwa leso yako ya kijani, akaiweka ndani ya sanduku, Biblia juu yake. Kuiwasha hajui. Anajua tu kwamba sauti ya mtoto wake wa pekee iko ndani.

"Mlinichukulia akiwa mzima, akakaa Nakuru," akaniambia. "Sasa mnataka na hii."

Nikamwambia Gogo, hatutachukua, tutanakili tu. Ni kama mtu amekuja kwako kuomba moto. Nikitoka na kaa langu, jiko lako litazima?

Akaniangalia. "Mama Ken, moto ukizima nitawasha mwingine. Huyu nitamwasha wapi?"

Wewe ungejua la kumjibu. Mimi niliomba kimoyomoyo, nikasema basi tusiichukue, tuiwashe tu umsikie. Akafikiria sana. Tukaipeleka kwa jirani mwenye stima ili ipate chaji, tukakaa tukibambua minji, zile njegere zake za shambani.

Nilifungua ile ya mbuzi na fisi, kwa sababu ndiyo peke yake nilikuwa najua kuifungua. Unakumbuka tulivyoirekodi? Umetufunika blanketi kichwani pale darasani kwako ili kelele za barabara zisiingie, jasho linatutoka, na mimi kila nikilia kama fisi wewe unacheka tunaanza tena. Na yule jogoo wa jirani akawika katikati, ukasema mwache, na yeye ni mwalimu.

Sikuwa tayari, Chebet. Sauti yako ikatoka pale kama mtu aliyeingia tu kutoka dukani. Mama yako akasema, "Ee," kama anakuitikia. Jogoo wa Rhonda akawika, na jogoo wa Gogo huko nje akamjibu. Tukaangaliana.

Alisikiliza mpaka pale mvua inanyesha, fisi anabisha mlangoni kwa mbuzi akiomba pa kulala, mbuzi anakataa, na fisi anaenda zake akilia. Ikaisha. Nilidhani atatoa machozi. Akauliza, "Imeisha?"

"Imeisha, Gogo."

"Haijaisha." Akakunja uso. "Hii hadithi ni yangu. Nilimpa mimi akiwa mdogo. Mwisho wake sio huo. Alikuwa analala kabla sijafika mwisho. Kila siku! Nilikuwa namaliza nikijisimulia mwenyewe."

Nikamwuliza mwisho ni upi. Hakusema. Akaifunga laptopu kwenye leso, akairudisha sandukuni, akanipa minji na kabeji mbili, akanisindikiza hadi barabarani. Nikarudi na kabeji. Akinyi alipoona kiondo akasimama, akakichungulia, akakaa tena.

Basi ikafika Jumamosi. Nilipewa ombi la kufungua. Nikaombea vijana, nikaombea wageni, nikaombea hata stima isipotee, wakasema amina kwa nguvu. Ungependa, Chebet. Kulikuwa na meza ya kufufua kompyuta kuukuu, watu wamepanga foleni wamezibeba kama wagonjwa. Kulikuwa na walimu kutoka Gilgil, na mwalimu wa chekechea ya Waislamu kutoka mjini na wanafunzi wake wawili wasiotulia. Akinyi akaeleza programu huria ni nini, nikaona nyuso zinapotea, akanivuta mbele. Nikasema kwa lugha yangu: fundi mwingine anakuuzia gauni, lakini karatasi ya kukatia anaificha. Hawa wanakupa gauni na karatasi. Ukitaka kuongeza mkono, ongeza. Ukitaka kumpa jirani, mpe.

Mzee mmoja akanyanyua kofia. "Na hii ya bure, mtego uko wapi?"

"Mtego ni chakula, mzee," Akinyi akamjibu. "Ulifikiria utakula nyama choma kama kule Kikopey. Ni githeri, mahindi na maharagwe."

Wakacheka mpaka nikasahau kidogo. Halafu saa yako ikafika.

Akinyi akashika maiki, akataja jina lako, tukasimama kimya. Mimi niliangalia chini, maana nilijua kinachofuata. Alikuwa aseme kazi uliyoahidi haipo, na hatujui kama itakuwako tena. Nikasikia nyuma akina mama wakisema, "Mpisheni, mpisheni, ana mtoto."

Ni Gogo. Amevuka kutoka Njoro peke yake, leso ya kijani imefungwa mgongoni vizuri kabisa, fundo kifuani. Watu wamempisha wakidhani amebeba mtoto. Hakusimama mahali, alikuja mpaka mbele, akanyoosha mkono kwa maiki.

"Mimi ni mama ya Chebet. Nimekuja kurekebisha."

Akinyi akapiga goti palepale. "Kurekebisha nini, Gogo?"

"Hadithi. Amekosea mwisho. Siwezi kuacha watoto wa watu wafundishwe hadithi nusu."

Chebet, ukumbi ulilipuka! Akinyi analia na kucheka pamoja. "Gogo, hiyo ndiyo kazi ya leo! Mtu akiona kasoro, anarekebisha, anawapa wengine!"

Lakini Gogo hakucheka. Mkono wake ulikuwa umeshika lile fundo. "Na ya kwake mtaifuta?"

Hapo ndipo nikajua alichoogopa siku zote. Kumbe hakuwa anatunyima. Alikuwa anazuia mtu asikufute.

Akinyi aliomba tu kuiwasha laptopu, Gogo akaizungusha mbele mpaka magotini, fundo bado limefungwa, na waya ukaingia. Wakanakili ile hadithi kwenye kompyuta ya ukumbi, wakaicheza kwa spika, sauti yako ikajaa mpaka kwenye mabati. Halafu wakamchezea tena kutoka kwa laptopu yake, pale pale magotini. Iko. Haikupungua hata neno. Akinyi akamwambia, "Ya kwake inakaa, Gogo. Ya kwako inawekwa kando yake, na jina lako. Mtoto atasikia zote."

Gogo akafungua fundo, akaikunja leso polepole. "Leteni hiyo kitu ya kuongelea. Na fisi aje."

Nikaenda. Sasa sikiliza, ndio mwisho wenyewe. Mbuzi hakumfungulia fisi, lakini hakumfukuza pia. Alimwambia, "Simama hapo chini ya ukingo wa paa, usinyeshewe. Lakini uimbe mpaka asubuhi, ili nijue uko wapi." Fisi akaimba. Mvua ikanyesha, fisi akaimba, mbuzi akasinzia na watoto wake. Kulipokucha fisi alikuwa amechoka hata kuuma hawezi, akasema asante akaenda zake. Ndiyo maana mpaka leo akikaribia boma usiku, lazima alie kwanza.

Nilipoanza kuimba Gogo alinikatiza mbele ya watu wote. "Fisi gani huyo? Hiyo ni kwaya!" Nikaimba tena vibaya zaidi, akakubali. Tulipomaliza, wale wawili wa chekechea wakanijia, msichana mmoja akanivuta sketi: "Ni wewe fisi? Kwani unaishi wapi?" Nikamwambia Rhonda. Akarudi nyuma hatua.

Gogo akakubali na hadithi zingine zinakiliwe, na walimu wameondoka na programu nzima. Juzi nimepita karibu na shule yako ya zamani, nikakusikia kutoka ndani ukiuliza watoto mbuzi ana miguu mingapi. Wakakujibu wote. Nilisimama nje kidogo, kisha nikaenda kununua uzi.

Laptopu Gogo amerudi nayo mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumwomba aiache. Amenipigia simu jana. Hakusalimia sana. Anasema kuna hadithi nyingine nyingi ulizozizimikia usingizini, na niende na simu ya Akinyi ya kurekodia, na sukari. Nimekata vitambaa vya wiki nzima leo ili Alhamisi niwe huru.

Rafiki yangu, wewe kaa kwa amani mahali Bwana amekuweka. Mama yako usihofu juu yake. Mbele ya Mungu nakuahidi nitapanda Njoro kila nitakapoitwa, nitakaa naye akisimulia, na sitasinzia.

Wako,
Mama Ken