Funda la Kwanza

Kambini, 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti linakuacha ulale. Mimi mwilini sijambo. Moyoni ndiko kuna kazi.

Mama Redio yuko hapa, kati ya wakimbizi. Jirani yetu huyo huyo, aliyekuwa anajua nani kapika nini kabla sufuria haijachemka, na aliyewaambia wale watu wa mapanga kwamba Kitindamimba wetu bado yumo ndani. Amekonda hadi sauti. Amekuja na mtoto wa kike, ngozi na mifupa, na mtoto huyo amelazwa katika wodi yetu ya lishe.

Kazi yangu unaijua: asubuhi tunasali na akina mama, kisha nawanywesha watoto maziwa ya dawa. Kambi imejaa uvumi kwamba maziwa yana sumu, ndiyo maana mhudumu hupiga funda la kwanza mbele ya mama, ndipo mtoto anywe. Nilipofika kitandani kwake alinitambua. Akamziba mtoto mdomo kwa kiganja. "Siyo kwa mkono wako," akasema.

Basi sikunywa. Nilipita na kikombe changu nikaenda kitanda cha pili, na Mungu anisamehe, nilisikia raha. Mwenzangu wa usiku humnywesha, lakini mchana kutwa mtoto hapati kitu, na daktari anashangaa mbona haongezeki. Sijamwambia sista mkuu wa wodi kwamba tunajuana. Nifanyeje, Mama?

Mwanao


Nyumbani, 7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, lakini leo sina habari nalo. Barua yako dereva wa lori la kanisa kanipa nikaisoma nimesimama. Mchungaji alikuwa hapa sebuleni, akaanza mambo yake ya kusamehe, nikamwonyesha mlango. Chai yake kaiacha.

Wenzangu wana makaburi ya kupalilia. Mimi kila nikipita penye mtaro nachungulia. Huyo mwanamke aliwafuata wale watu mpaka mwisho wa njia, mtaa mzima uliona. Anajua walimtupa wapi.

Shika kikombe, simama mbele yake, na usinywe. Mwambie: nipe ndugu yangu, nikupe funda. Asiposema, shauri yake, aendelee kumziba mwanawe mdomo. Mungu amemtia huyo mtu mikononi mwako. Usinipotezee.

Mama yako


Kambini, 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na wajomba wote hawajambo.

Nimefanya. Nilimwambia maneno yako vile vile ulivyoyaandika. Mtoto akanyoosha mkono kukifuata kikombe, nikakirudisha nyuma. Kwa mkono wangu huu, Mama. Ndipo mama yake akasema: nyuma ya tanuri la matofali, karibu na kisiki, wala si chini sana. "Sasa kunywa," akaniambia. Nikanywa. Mtoto akanywa hadi akaulamba ukingo wa kikombe.

Sista mkuu alikuwa mlangoni, ameona yote. Hakunifokea, na heri angefoka. Amenihamishia kwenye kufua mashuka, na mtoto anamnywesha yeye mwenyewe. Jioni najaribu kusali, nikifika mahali pa kuomba msamaha naparuka. Nenda ukachimbe, angalau tupate tulichokitaka.

Mwanao


Nyumbani, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu ni ya hivyo hivyo. Nimekawia kukujibu kwa sababu ya hasira.

Tumechimba, mimi na wajomba zako. Nyuma ya tanuri hakuna kitu. Tukachimba kando ya kisiki, tukachimba kulia, kushoto, tukaishia kuchimba popote. Ni udongo na vipande vya matofali. Nikakaa humo shimoni nikamlaani yeye na kizazi chake, nikaapa kupanda lori la kanisa nije nimkabe mwenyewe. Wajomba zako walidhani nimepagawa.

Tangu siku hiyo sijalala, na si kwa ajili ya goti. Wale watu wa mapanga walipogonga geti letu waliniuliza mwanangu yuko wapi. Nikasema yuko kwa shangazi yake, tena nikawaelekeza njia kona kwa kona bila kupepesa macho, naye yuko uvunguni. Walikuwa wameshageuka, ndipo yule jirani akapaza sauti. Lakini siku ile ningesema lolote. Ningemtaja hata mtoto wa jirani. Sasa huyu uliyemsimamia na kikombe, tulitegemea aseme nini? Angekuelekeza hata mwezini, mradi unywe.

Sijamsamehe. Usimpe salamu zangu. Bado nataka aulizwe, tena mbele ya watu, siku mtoto wake atakapokuwa ameshiba na anakimbia. Ila tulimsimamisha pale pale waliponisimamisha mimi. Wewe ulitumwa, na mimi ndiye niliyekutuma. Hilo nimemwambia mchungaji. Amerudi, na safari hii chai ameimaliza.

Mwombe sista akurudishe wodini. Akikurudisha, kunywa kwanza, usimuulize mtu kitu.

Na uniandikie jina la huyo mtoto. Nataka kumwombea, na jina la mama yake kila likifika mdomoni nalitema.

Mama yako