Stika Mbele ya Kiti cha Mama

Jumapili, 2 Machi

Nimeosha gari. Kila Jumapili ni mimi, kwa sababu tope la Sabato halimkeri mtu mwingine hapa nyumbani. Ombati, mume wangu, ni mzee wa kanisa, na wazee wa kanisa hawashiki matambara. Usukani pia ni wangu, yeye hukaa nyuma.

Nilianza na kiti cha mbele, kiti cha mama mkwe wangu. Plastiki iliyokuja na kiti bado ipo, imepasuka upande mmoja. Ile stika nyeupe ya Kijapani nayo bado ipo, kwenye dashibodi, mbele ya magoti yake. Niliipangusa taratibu isibanduke. Nyabuto, shemeji yangu aliyeenda Mombasa kutuletea gari hili, alitukataza tusiiguse. Bila stika watu watasema gari lilishachoshwa Nairobi kwanza.

Mama anaipenda. Akishaketi huifuta kwa kitambaa chake cha mkono kabla hatujaondoka. Kusoma hakujifunza. Mkanda hafungi, unakunja gauni la Sabato.

Jumanne, 4 Machi

Pampu mpya za kunyunyizia dawa zimefika dukani kwangu na maelezo ya Kichina matupu. Siwezi kumuuzia mkulima pampu na kumwambia akisie. Nikayaelekezea kamera ya simu, ikatafsiri. Kiswahili kibovu, lakini kinaeleweka.

Jioni nilikuwa garini nikimngoja Ombati. Kwa mchezo tu nikaielekezea simu stika ya Mama.

Usikae kiti hiki. Mfuko wa hewa una kasoro. Mpaka ubadilishwe.

Nikafuta lenzi kwa kanga. Nikarudia. Maneno yaleyale.

Tangu gari hili lije nimekuwa nikimfungulia Mama mlango wa kiti hicho.

Jumatano, 5 Machi

Usingizi haukuja. Asubuhi nimeingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya watengenezaji. Gari letu limo. Wameyaita magari ya aina hii yarudishwe yarekebishwe. Mfuko unafura wakati wa ajali ili kumkinga mtu, lakini kopo la chuma linaloupuliza linaweza kupasuka na kumrushia vipande usoni. Joto na unyevu ndivyo vinavyolizeesha. Unyevu, na sisi tuko Gusii, ambako mvua haiombwi ruhusa.

Aliyekuwa na gari huko Japani alionywa. Stika ikabandikwa. Kisha gari likauzwa, likaja na onyo lake, nasi tukalitunza onyo kama pambo.

Nimempigia Nyabuto.

"Shemeji, hiyo ni gari ya Mjapani. Mjapani hawezi kosea."

Nikamwambia ni Mjapani mwenyewe aliyeandika kwamba amekosea. Akasema simu zinadanganya. Nina hasira naye. Yeye hakai kiti hicho.

Alhamisi, 6 Machi

Kisii mjini, kwa fundi wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Madam, shida ni hiyo stika. Wacha nitoe, utakuwa na amani." Hakuwa anatania.

Nikamwuliza kama mfuko wenyewe umeunganishwa. Akachungulia kwa tochi. Umeunganishwa, waya zote ziko.

Nikapiga simu Kisumu, kwa wakala wa watengenezaji. Wakasema gari halikupitia kwao, niwatafute walioniuzia. Walioniuzia Mombasa hawapokei. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikapiga Kisumu tena, nikaomba kusema na mkubwa. Yuko mkutanoni. Nitapiga kesho na keshokutwa. Wataizoea sauti yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Ombati anataka Mama aendelee kukaa mbele. Anasema gari liliombewa. Ni kweli, mchungaji aliweka mikono kwenye boneti na mimi nilisema amina. Nikamwambia Mungu alikuwa amejibu kabla hatujaomba, ila kwa Kijapani. Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Amekubali hatari ipo. Lakini hatamwambia mama yake ahamie nyuma. Nyuma ni kwa watoto na watu wa kupewa lifti, mbele ni kwa mwenye heshima, na mtoto hamshushi mzazi wake. Basi nitasema mimi, niliyekuja kwa kuolewa. Naogopa. Nitasema hata hivyo.

Sabato, 8 Machi

Nimesema vibaya. Nilikuwa na maneno mazuri tangu jana, yote yakanitoka. Mama alikuwa ameshashika mlango wa mbele. Nikasema kiti hicho ni kibovu, aketi nyuma. Akakitazama kiti. Hakuona ubovu. Akamtazama Ombati aliyesimama hapo na Biblia yake kwapani, akadhani kiti ni cha kumpisha yeye, mume akae karibu na mkewe.

"Mokamwana, kama mmechoka na mimi, semeni tu."

Ananiita mokamwana, mke wa mwanawe, akiwa na furaha au akiwa na kisu. Leo kilikuwa kisu. Akafunga mlango polepole, akaenda kanisani kwa miguu, kwenye utelezi. Nikamfuata kwa gari, gia ya kwanza, njia nzima, Ombati akiwa kiti cha nyuma. Mama hakugeuka. Watu walitoka majumbani kututazama.

Aibu imeniwasha mwili mzima. Neno langu sijaliondoa.

Jumatatu, 10 Machi

Habari imefika sokoni kabla yangu. Mwanamke mmoja alikuja kununua mbolea akaniongezea ushauri wa kuheshimu wazazi. Mbolea nilimuuzia, ushauri nikamrudishia.

Nyabuto naye kwenye simu: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, shemeji." Nikamwambia guu ninalolilinda ni la huyo mkuu. Akakata simu. Raha ndogo, lakini nimeipata.

Na Mama hatujazungumza. Nilimpelekea maziwa, akayapokea mlangoni. Hakunikaribisha ndani. Inauma kuliko maneno ya soko.

Mkubwa wa Kisumu hatimaye amepokea. Nimemsomea namba ya chesisi mara mbili, nikamwambia nitaisoma ya tatu akipenda. Kumbe kifaa cha kubadilishia ni bure, watengenezaji wanalipia hata gari la mtumba. Ila kinaagizwa kutoka nje. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka nikate simu. Sikukata mpaka aliponiambia ameagiza.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Nikishuka kutoka Nyamira na mbegu za mahindi, bodaboda iliingia mbele yangu ghafla. Nilikanyaga breki, gari likateleza, likasimama karibu kabisa na mtaro. Hakuna aliyeumia.

Lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeruka wenyewe kumzuia Mama, na Mama hakuwepo. Nilibaki nimeushika ule mgongo wa kiti, plastiki inalia. Nikalia na mimi. Mama anune mwaka mzima akitaka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeelewa kitu nikimenya ndizi. Mama hakuumizwa na kiti cha nyuma. Aliumizwa na kufikiri nani angekaa cha mbele. Kwa hiyo asikae mtu.

Nimemwambia Ombati. Akauliza yeye atakaa wapi wakati wote huo. Nikamwambia palepale alipozoea, nyuma, ila sasa na mama yake, na awe wa kwanza kuingia. Alitaka kubisha, akakumbuka Mama alivyofika kanisani na tope hadi magotini.

Sabato, 15 Machi

Ombati aliingia nyuma, akasogea hadi dirishani, akampangusia Mama kiti kwa kiganja. Mbele hakuna mtu. Mama alisimama. Alitazama kiti kitupu muda mrefu, kisha mwanawe, kisha mimi. Akaingia.

Tulipopita Nyakoe mtu mmoja akapaza sauti kwamba Moraa, yaani mimi, siku hizi ni dereva wa teksi. Mzee wa kanisa alikuwa amekunja magoti hadi kidevuni. Nilisikia Mama anacheka, kidogo, kwa puani. Nilishukuru kuliko wimbo wowote wa leo.

Jumanne, 25 Machi

Kisumu na kurudi. Kifaa kilifika jana, nami nilikuwa getini kabla hawajafungua. Fundi alinionyesha kopo la zamani baada ya kulitoa. Kichuma tu. Nilidhani litatisha zaidi.

Akaibandua stika kwa ukucha bila kuniuliza. Sikumzuia. Alitaka kujua kwa nini tuliitunza hivyo, haina hata kona iliyokunjika. Nikasema ni mazoea. Pamebaki mraba uliong'aa kuliko dashibodi yote.

Sabato, 29 Machi

Nimefungua mlango wa mbele. Mama akauliza kama kimepona. Nikasema kimepona. Akaketi, akatoa kitambaa chake, akanyoosha mkono. Hakuna stika. Akagusa ule mraba.

"Ile salamu yao imeenda wapi?"

Ndipo nikajua. Alidhani ni salamu, kutoka kwa watu waliotengeneza gari. Kila Sabato alikuwa akiifuta na kuwashukuru. Alipoacha kununa nilimweleza kiti, nikamweleza chuma, lakini maneno ya stika sikuwa nimemsomea. Nimemsomea leo. Usikae kiti hiki.

Akaendelea kuusugua ule mraba kwa kidole mpaka tulipopita Nyakoe. Ombati nyuma alikuwa anajifanya anasoma.

"Kumbe walikuwa wananiambia wakati huo wote," akasema. "Na wewe ukaniambia, mokamwana, nikakununia."

Safari hii neno hilo halikuwa na kisu. Nikasema barabara ni mbaya leo.

Akaupapasa mkanda begani, akauvuta. Ulikuwa mgumu, haujawahi kuvutwa. Nikapunguza mwendo mpaka akaufunga.