Barua Iliyomrudisha Kolastika

Jumatatu, 3 Juni
Nimekoboa kahawa, nimeosha, nimeanika kichanjani. Baridi kali. Saa nne katekista amekuja. Kolastika amefariki alfajiri, akijiandaa kwenda misa. Nikaendelea kugeuza kahawa. Sikulia.

Jumanne, 4 Juni
Katekista anataka nisome wasifu wa marehemu kesho mazishini. "Mama Agnesta, wewe ndiye umemjua tangu utoto." Kweli. Tulisoma darasa moja Namswea. Komunyo ya kwanza siku moja. Tukaenda pamoja kwa masista kulelewa tuwe watawa. Hapo nimekwama.

Niandike hapa basi. Barua ya mapenzi kutoka kwa dereva mmoja ilikuwa yangu. Sista mlezi aliikuta kati ya vitanda vyetu, akauliza ni ya nani. Nilitazama sakafu. Kolastika akasema, "Ni yangu, Sista." Kesho yake akarudishwa kwao. Mimi nilibaki miezi minne, nikatoka mwenyewe, nikaolewa. Yeye ndiye aliyetaka utawa. Mimi nilitaka gauni jeupe.

Niliwahi kumwuliza kwa nini. Akasema aliniona natetemeka.

Jumatano, 5 Juni
Tumezika. Kanisa lilijaa. Wagonjwa aliowaosha. Watoto aliowafundisha kusali, sasa wana wajukuu. Hakuolewa, hakulalamika. Nikasoma: "Alirudi nyumbani kwa sababu za afya." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Emiliana, mdogo wake, alikuwa benchi la mbele. Akainamisha kichwa.

Nina wajukuu saba na bado ni mwoga.

Jumapili, 9 Juni
Sikupokea komunyo. Jirani ameuliza kama naumwa. Nimesema tumbo. Uongo mwingine.

Jumanne, 11 Juni
Nimekwenda Liuli, ziwani. Nimemkuta Emiliana anaanika usipa. "Shikamoo dada." Sikustahili ile shikamoo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Mikono yake haikuacha kutandaza samaki.

Kisha akasema, "Tangu Kolastika arudishwe, baba hakuitikia salamu yake tena. Kila asubuhi alimwamkia, na mzee anageuza uso. Alikufa hivyo."

Sikuyajua haya. Sikuwahi kuuliza.

"Sasa unataka nini kwangu, dada?"

Nikasema sijui.

"Uongo umeusema mbele ya watu. Kawaambie hao hao."

Akanipikia. Nilikula ugali wake nikiona aibu kwa kila tonge.

Jumamosi, 15 Juni
Sala ya jumuiya yetu, wengi walikuwepo mazishini. Baada ya somo nilisimama, nikasema. Nilianza kwa kujitetea, eti tulikuwa wadogo. Nikajikatiza. Nikasema barua ilikuwa yangu, na wasifu niliousoma ulikuwa wa uongo. Mama Festo, ambaye Kolastika alimuuguza mpaka akapona, alichukua kitenge chake akatoka nje. Mwenyekiti akasema, "Tumesikia, mama. Tumwombee marehemu." Tukasali. Wakati wa kuagana hakuna aliyenishika mkono.

Sikutegemea vingine. Hata hivyo imeniuma.

Jumapili, 16 Juni
Misa ya kwanza. Nimekaa nyuma. Mama Festo amenipita bila kunisalimia. Nimekwenda kaburini peke yangu. Maua yamenyauka, nimeyaondoa. Udongo umeanza kudidimia upande wa miguu, nimeusawazisha kwa mikono. Nilikaa tu karibu naye mpaka ukungu ukaisha.