Ile Saa Mliyoirudisha Nyuma

Nyumbani kwa wazazi,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 16 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, ndivyo tulivyolelewa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale wanangu wawili, yule mkubwa meno ya mbele yameshaota? Baridi ya huko naisikia kwenye taarifa, vaeni vizuri. Sisi hatujambo, isipokuwa mgonjwa wetu, na habari zake ndizo zilizonikalisha kitako kukuandikia.

Barua hii anakuletea binti wa jirani yetu fundi cherehani, anayerudi chuoni huko kwenu kesho. Nimeandika kwenye karatasi makusudi. Nikikuandikia kwenye simu unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Karatasi haina kidole gumba, utasoma mpaka mwisho.

Baba anaendelea. Mdomo uliopindishwa na kiharusi umenyooka kiasi, maneno yanatoka, na ukali wake umerudi, juzi kamfokea nesi kwa sababu ya chai baridi. Tatizo ni mguu wa kushoto. Daktari wa mazoezi amesema mwezi huu wa kwanza lazima asimamishwe na kutembezwa kila siku, la sivyo mguu utakakamaa. Manesi hawatoshi, kwa hiyo kanifundisha mimi namna ya kumshika kiunoni. Ndugu wanaruhusiwa wodini saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni, basi, na mlinzi wa pale hana utani. Mama anakwenda kila siku, lakini Mama na magoti yale atamnyanyua nani? Anavuta kiti, wanakaa wanatazamana.

Na mimi saa kumi na moja niko wapi? Niko kwenye kikao chako!

Kazi hii ya kuchora ramani za nyumba ulinitafutia wewe, sikatai, na ahsante nilishasema mara mia. Kwamba wewe ndiye msimamizi wangu, hilo nalo sikuona vibaya. Kikao cha kila siku kilikuwa saa tatu yenu ya asubuhi, ambayo kwetu ni saa kumi jioni. Wiki ya kwanza Baba alipolazwa, saa kumi na moja kasorobo tulikuwa tumemaliza, nafunga kompyuta, dakika kumi kwa miguu niko hospitali. Kisha wiki mbili zilizopita mkarudisha saa zenu nyuma, kama mnavyofanya kila baridi ikiingia. Sisi huku saa zetu hatuzigusi, jua letu halina mambo mengi. Kwako bado ni saa tatu, hukuhisi kitu. Kwangu kikao kikasogea mpaka saa kumi na moja, juu ya kitanda cha Baba. Tukimaliza nakwenda mbio, na nikifika kengele ya kutoka inalia.

Nikakuomba kwenye kundi letu la kazi, mbele ya wenzetu, kwa adabu zote, tuanze saa mbili yenu. Jibu lako ninalo, sijalifuta. Uliandika kwamba saa mbili ni mapema mno, watu wanakuwa hawajachangamka, na kwamba kalenda inaonyesha niko ndani ya saa za kazi. Hawajachangamka! Watu gani hao? Mhandisi wetu wa mashariki ya mbali kwake ni usiku tayari, na alisema tukiwahi atashukuru. Asiyechangamka ni wewe. Tangu utoto, nani alikuwa akikuvuta shuka uende shule? Si mimi? Leo usingizi wako umekuwa sheria ya kazi.

Angekuwa bosi mgeni ningemsonya, yakaisha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini wewe! Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

Siku kumi za kazi nimekaa mbele ya kompyuta nikikusikiliza ukiuliza kama mlango wa stoo ufungukie ndani au nje. Ijumaa ulianza kwa kumuuliza kila mtu anaendeleaje. Nikasema salama. Nilidanganya, nilitamani kuirusha kompyuta dirishani. Nina hasira na wewe, mdogo wangu, sijui kama nimewahi kuwa na hasira hivi.

Jumapili iliyopita nilimsimamisha Baba, akapiga hatua tisa. Jana nikamsimamisha tena. Hatua nne. Alihesabu mwenyewe.

Basi sikuombi tena. Kesho saa kumi na moja sipo. Ukiisoma barua hii utakuwa umeshaniita kwenye kikao bila kujibiwa, sasa unajua niliko: simu imezimwa, mikono yangu iko kiunoni mwa Baba. Siku kikao kitakapowekwa saa mbili yenu, nitarudi. Ukitaka kunifukuza nifukuze, halafu mpigie Mama umweleze.

Wifi yangu mpe salamu nyingi, yeye sina neno naye. Wanangu wabusu, waambie ni shangazi. Fundi cherehani anakusalimu, na Mama pia, anasema usisahau soksi.

Limebaki moja. Jana, baada ya zile hatua nne, Baba alikaa akihema, akaniuliza mbona siku hizi ananiona wikendi tu. Nikamwambia bosi wangu ameweka kikao saa ya kuona wagonjwa. Akasema, "Huyo bosi wako, yeye hana baba?"

Mama akageukia dirishani. Mimi nikamfunika miguu. Baba hajui kuwa ni wewe, na kwangu hatajua.

Mungu akulinde huko uliko, na akuamshe mapema.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako.