Bao lisilo na nyumba

Kisauni, Alhamisi, 1995

Sasa nimuamini vipi Mwalimu Athmani? Kesho najiandikisha chuoni anakofundisha, na lazima nichague lugha moja ya kuandikia programu: BASIC au C. Nataka kutengeneza michezo ya kompyuta. Kazi ya hoteli Shanzu nimeshaiacha kwa ajili hiyo, na mama hajanisamehe.

"Chukua BASIC, mwanangu," akaniambia leo. "Hata bao langu hili nimeliandika kwa BASIC." Akatia disketi kwenye kompyuta. Kete zikaenda mbio, shimo kwa shimo. Nilifurahi, mpaka nilipotazama vizuri.

Halina nyumba.

Mtu wa Jomvu Kuu kama yeye, anayecheza bao barazani kila alasiri, atasahauje nyumba, lile shimo linalolindwa kuliko yote? Wallahi, lile kaliandika mtu asiyewahi kulicheza. Na kama si lake, atajuaje liliandikwa kwa lugha gani?

Nilipomuuliza nyumba iko wapi, alitoa disketi yake pole pole. "Kompyuta ndogo hii. Nafasi haikutosha."

Nikamwambia basi nitachukua C, nikamuuliza anaifundisha nani.

"Ni mimi, mwanangu."