Jina Lako Litasomwa Ijumaa

Salimu, ndugu yangu,

Amani iwe nawe huko uliko. Nina habari, na wewe umbea uliupenda hata arosto ya kukosa unga ilipokubana: jina la Athmani limesomwa msikitini! Mdogo wetu, Kisauni nzima ikisikia. Na aliyeliandika ni mimi dada yako.

Wakumbuka Mama alipokuwa akifua nguo kule Nyali, mtoto wa tajiri wake naye akawa anatumia unga? Unga ule ule uliokuua wewe, na muuzaji yule yule. Lakini yeye aliitwa mgonjwa. Akatafutiwa daktari na nyumba ya kupumzikia yenye bustani. Ijumaa baba yake akapeleka kikaratasi kwa imamu, jina likasomwa baada ya swala pamoja na wagonjwa wengine. Mama alikuwa uani anaanika mashuka yao, akaitikia Amin kwa machozi. Na wewe siku hiyo ulikuwa umejikunyata nyuma ya nyumba, unatetemeka ndani ya leso yake.

Wewe uliitwa teja. Ulipigwa kwa ajili ya ndoo ya jirani ambayo hukuiba, ukalazwa selo, ukarudi uso umevimba. Na mimi, mdomo wangu huu, nikakwambia heri ungekufa tupumzike. Ukajibu, "Naam, dada," kana kwamba nimekutuma dukani. Nisamehe, Salimu. Nisamehe sana.

Kikaratasi chako hakikuandikwa kamwe. Tuliona haya. Ulipokufa tukawaambia watu ni malaria.

Basi Athmani alipoanza, nikasema mara hii sinyamazi. Nikampeleka kliniki ya methadoni, ile dawa ya kuachisha unga. Wiki ya kwanza akatoroka. Nikamfuata maskani ya mateja na aproni yangu ya sokoni, nikamtoa mbele ya wenzake, nikamrudisha kliniki. Ijumaa nikaandika: "Athmani bin Juma, mgonjwa wa unga." Mjomba Bakari, niliyempa akipeleke, akakisoma akanirudishia. "Andika mgonjwa tu, mwanangu. Watatucheka." Nikamjibu, "Mjomba, shikamoo, lakini hilo sifuti." Akakitia mfukoni, akaenda zake akinung'unika.

Mimi na Mama tukakaa barazani tukisikiliza kipaza sauti. Imamu akasoma wa presha, akasoma wa sukari, kisha tukasikia karatasi ikikunjuliwa. Mama alinibana mkono mpaka pete yake ikaniumiza. Mara tukasikia neno kwa neno: "Athmani bin Juma, mgonjwa wa unga. Mola amponye." Wallahi, Amin iliyotoka mle ndani sijawahi kusikia mfano wake. Nikapiga kigelegele. Mama akanifinya, eti nina wazimu, halafu naye akapiga chake!

Jioni yake kina mama watatu walibisha hodi, wanataka niwaandikie vikaratasi vya watoto wao. Mmoja ni yule mwenye ndoo.

Sasa Athmani anakunywa dawa yake kila asubuhi mbele ya nesi, kisha anakuja sokoni Kongowea kunibebea matenga ya tungule. Amenenepa, anaringa! Jana aliomba wali mara tatu, nikamtukana huku nikimpakulia.

Imebaki zamu yako. Kikaratasi chako nimekiandika leo: "Salimu bin Juma, marehemu." Nikaishia hapo kwa kumhurumia Mama. Akakisoma, akanyoosha mkono nimpe kalamu, akaongeza mwenyewe: "Aliuawa na maradhi ya unga. Ni mwanangu." Mwandiko wake umepinda, lakini unasomeka.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi, katika nyumba hii mgonjwa hafichwi tena. Ijumaa nitakuwa pale pale barazani, na imamu akikutaja, nitaitikia mpaka unisikie.

Dada yako,
Mwanaisha